Mteja Mmoja wa Mamboya

Siuzi kompyuta. Nililisema hilo katika kila duka nililoingia, Kilosa hadi Mikumi, na bado watu waliniuliza bei. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu, na miaka ile likatuletea wauzaji wa programu kutoka Dar es Salaam, wenye tai shingoni, waliowaambia wafanyabiashara wetu kwamba mashine itawaonyesha wateja wao walivyo na watakachonunua kesho. Wakishaondoka, naitwa mimi.

Niliacha shule wazazi walipofariki, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na wadogo walihitaji kula. Kompyuta nilijifunzia kwenye ofisi nilikokuwa nikifagia. Baadaye nikajitegemea kwa kutoa ushauri, na ushauri wenyewe haukubadilika: kabla hujaiuliza mashine, jua umeilisha nini. Haukupendwa. Hauna picha za rangi.

Mzee mmoja muuza pembejeo wa Kilosa alikuwa amefungua duka la pili Mikumi, kando ya barabara kuu. Mvua zilikuwa karibu, naye alibakiwa na lori moja tu la mbegu za mahindi. Aliniita dukani kwake Kilosa nimwandikie mpango wa mauzo kufuatana na programu yake mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Tazama mwenyewe. Mikumi wateja wamejaa kioo kizima. Mamboya, mteja mmoja! Mbegu zote zitakwenda Mikumi."

Nikatazama. Huyo mteja mmoja alikuwa amenunua mbegu za kutosha kupanda mlima mzima. Nilimfahamu, kama alivyofahamika kwa kila mtu: konda wa basi la Mamboya. Watu wa kule milimani hawateremki mjini kwa ajili ya mfuko mmoja wa mbegu. Humpa konda pesa, naye hununua, hupakia juu ya basi na kugawa kituo kwa kituo. Karani wa duka aliandika jina la aliyesimama mbele yake, basi.

"Mzee, huyu anabeba tu. Nyuma yake kuna kijiji kizima. Mbegu zikienda Mikumi, watapanda nini?"

"Binti, kompyuta haina mjomba Mamboya."

Nikamweleza kwamba wateja wake wa Mikumi wengi ni wasafiri, walionunua dawa ya kupe mara moja wakaendelea na safari ya Iringa. Akasema mteja ni mteja. Nikaomba konda aitwe. Akaja anacheka.

"Mimi shamba? Mzee wangu, mimi hata mchicha nanunua!"

Nikashusha pumzi, nikidhani tumemaliza. Mzee akamgeukia karani. "Mfute huyo. Kumbe Mamboya hatuna mteja hata mmoja."

Programu mbovu hurekebishwa. Kwa hili sikuwa na dawa. Nilikataa kuandika mpango ule. Akaniambia nina kichwa kigumu, atawaita wale wenye tai. Nikamwambia awaite, mimi nipo, na kesho yake asubuhi nikaja tena, na keshokutwa, nikakaa kwenye benchi lake. Konda naye alikuwa amepanda milimani na basi lake akitangaza kila kituo kwamba Kilosa wamesema Mamboya hakuna watu.

Siku ya gulio watu wa Mamboya wakateremka. Mlango ulijaa. Shikamoo mzee, marahaba, shikamoo mzee, marahaba, mpaka sauti ya mzee ikaanza kukwaruza. Bibi mmoja aliyemzidi umri akasimama kimya mbele yake, akingoja, hadi mzee mwenyewe akamwamkia.

"Marahaba," bibi akajibu. "Tumesikia Mamboya tumekwisha wote. Tumekuja kuulizia matanga yanafanyikia wapi."

Duka zima likaangua kicheko. Mzee hakucheka, ila alitoka nje akawaambia wapakizi washushe mbegu zilizokuwa zimepakiwa kwenda Mikumi. Zitauzwa Kilosa. Kisha akaniagiza, kwa ukali kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha, niwaandikishe wote kabla hawajaondoka.

Nikaongeza safu mpya kwenye programu: anayepanda. Nikamuuliza bibi jina lake.

"La nini? Mfuko wangu atauchukua konda. Mwandike yeye."

"Bibi, konda nitamwandika pia. Nataka jina la mwenye shamba."

Akawageukia wenzake mlangoni. "Jamani, rudini nyuma! Wanaandika majina, wanataka kuturudishia kodi ya kichwa!"

Wakaanza kutoka. Nikaacha kompyuta ikiwaka, nikawafuata hadi uwanjani, nikaanza kueleza upya.