Hita za Matanga

Honorine ameniruhusu nisimulie haya kwa sharti moja tu, nisimpambe. "Yaya Jepchumba," aliniambia, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "useme vile nilivyokuwa. Usinifanye mtakatifu." Basi simpambi. Ni jirani yangu hapa Guildford, Sydney, mlango wake unatazamana na wangu. Mwanamke wa Bukavu, mwenye kiburi cha kugawia mtaa mzima na kingine kikabaki. Ukimpelekea bakuli la githeri atakurudishia bakuli hilo limejaa sombe, kisamvu cha kwao, hata kama ndiyo sombe yake ya mwisho. Kazi yake ni kufua katika nyumba ya wazee, mashuka na mataulo kutwa nzima, na anamlea binti yake Yvette peke yake. Sisi wote tunamwita Mama Yvette.

Kuomba? Heh! Huyo hajawahi kuniomba hata chumvi.

Mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe cha Australia, mama yake mzazi alifariki Bukavu. Nauli ya ndege hakuwa nayo, na kazini wasingemngoja. Kwa hiyo matanga yakawekwa hapa, kwenye fleti yake ya vyumba viwili, nasi tukajaa tele, Wakongomani, Warundi, na sisi Wakenya tunaosali nao.

Sasa sikiliza jambo hili, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwao, na kwetu Kenya pia pande nyingi, msiba una moto. Unawashwa nje siku habari inapofika, watu wanauzunguka na kukesha, na hauzimwi mpaka matanga yaondolewe. Aliyefiwa haugusi. Hachochei wala hazimi, hiyo ni kazi ya waliokuja kumlilia. Haya, Sydney utawasha moto wapi? Kwenye maegesho ya fleti? Hujamaliza kupuliza, wazimamoto wamefika. Basi hita za umeme zikawa ndizo moto. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo, ilitokea tu.

Papa Balthazar, maana Wakongomani baba humwita papa, alileta hita kubwa kwenye buti ya gari lake. Huyu ndiye anayetuongozea nyimbo kanisani, na sauti yake huwezi kuikosea hata ukiwa usingizini. Ni nene, ina mkwaruzo, na kila neno analivuta mwishoni. Mtu mwingine akaleta hita nyingine, na ya Honorine mwenyewe ikawa ya tatu. Zikawaka mchana na usiku, wiki nzima na zaidi, huku mlango ukifunguliwa kila dakika na baridi ikiingia pamoja na wageni. Nami nilikuwa mle, koti nimevua, miguu nimenyoosha. Kuna mtu alisema, "Ongezeni kidogo," na ikaongezwa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa msiba utampa jembe gani?

Tulichanga, usidhani hatukuchanga. Pesa yote ilikwenda Bukavu kwa jeneza na mazishi. Mchele tulileta, mafuta tulileta, hata chumvi. Nyumbani kila anayekuja kwenye moto wa msiba huja na kuni zake. Hapa tulileta hita, kuni zake tukamwachia mfiwa. Nikifikiria hilo naona aibu mpaka masikioni.

Bili ya stima ilipokuja Honorine alidhani wamekosea nyumba. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Na wakati huohuo kazini walikuwa wamempunguzia zamu. Unadhani alimwambia mtu? Thubutu! Alizima hita yake kabisa, akawa analala na Yvette kitanda kimoja chini ya blanketi zote walizo nazo. Mtoto akinung'unika kwa Kiingereza, mama anamjibu kwa Kiswahili avae soksi nyingine. Nami nilikuwa nikigonga mlango wao naambiwa, "Ngoja kidogo, yaya, navaa." Kumbe alikuwa anakimbia kuwasha hita ndipo anifungulie! Ati nisikute nyumba baridi. Siku aliponieleza hilo nilitamani kumchapa kofi, haki ya Mungu, kisha nikalia.

Yvette ana pumu. Mwezi wa nane kifua chake kikaanza kupiga filimbi, na daktari akasema chumba anacholala mtoto huyu lazima kiwe na joto. Wiki hiyohiyo ikaja ilani kwamba Ijumaa stima itakatwa. Hapo tena ujanja wa soksi ukaisha.

Mwenzake mmoja kazini alimdokezea kwamba kuna vocha za kusaidia bili, za watu waliozidiwa, zinatolewa kwenye vituo vya misaada. Kimoja kilikuwa karibu na kwetu, mwendo wa miguu. Karibu na kwetu! Akutane na nani kwenye foleni? Alipanda treni, akabadilisha treni kituo cha Parramatta huku ameinamisha kichwa asije akaonwa na mtu yeyote wa kanisani, akaenda mpaka Doonside, mahali ambapo hana shangazi wala mjomba. Aliniambia njiani alikuwa akijirudia moyoni, "Leo mtoto wa fulani anakwenda kuomba." Alisema hata kwenye msafara wa wakimbizi, walipokimbia kwao, hakujisikia hivyo, kwa sababu kule kila mtu alikuwa anaomba.

Mhudumu aliyempokea aliitwa Nicole, mama wa makamo, mpole, akamletea chai. Honorine akaanza kujieleza. Kwa Kiingereza cha mashuka ni bingwa, lakini cha shida zake hana maneno. Nicole akaona anahangaika, akatabasamu, akasema kwa nia njema kabisa kwamba serikali ina wakalimani wa simu, bure. Kabla Honorine hajasema la, simu imeshapigwa, imewekwa mezani kwa sauti ya wazi.

"Habari yako, mama," simu ikasema. "Mimi ni mkalimani wako wa Kiswahili." Akataja namba yake, kwa sababu majina hawataji.

Namba ya nini? Sauti nene, ina mkwaruzo, neno limevutwa mwishoni. Papa Balthazar!

Kumbe ndiyo kazi yake ya mchana, nasi tulijua tu kwamba "anafanya kazi nyumbani na kompyuta". Waswahili wa Sydney tuko wangapi, jamani? Unamkimbia mtu Guildford, unakutana naye kwenye waya Doonside. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba angeweza kuomba mkalimani wa Kifaransa. Kichwa hakikufanya kazi.

Akafanya nini? Akajibana pua. Mwanamke mzima, mama wa mtu, akaanza kuongea kwa kisauti chembamba cha mtoto aliyeshikwa na mafua.

"Mama, sikusikii vizuri," akasema Balthazar. "Ongeza sauti kidogo."

Nicole naye akamsogezea boksi la tishu, akidhani ni mafua kweli. Honorine akazichukua, akashukuru kwa kile kisauti. Alijiona mjinga, aliniambia, lakini bora mjinga kuliko kujulikana.

Nicole akauliza kwa nini bili ya Julai ilipanda namna hiyo. Balthazar akatafsiri. Honorine akajibu puani, "Uzembe wangu tu." Nicole akaitazama ile bili tena, akatikisa kichwa taratibu. Akasema anataka kuipigia kampuni ya stima wasikate Ijumaa, lakini watamuuliza sababu, na neno uzembe halitamsaidia. Je, hita imeharibika? Kuna mgonjwa? Kulikuwa na watu wengi nyumbani? Akasema pia ameona kwenye karatasi alizoleta kwamba kuna mtoto mwenye pumu, na hataki mtoto huyo alale gizani na baridi.

Balthazar akayaleta maneno hayo yote kwa Kiswahili, pole pole, kwa upole ule anaotumia akiwaombea wagonjwa. Na hapo ndipo Honorine alipoiachia pua yake.

"Mama yangu alikufa," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Simu ikanyamaza. Ikanyamaza mpaka Nicole akauliza kama mkalimani bado yupo. Yupo. Akakohoa, akaitafsiri. Na mkalimani kazi yake haimruhusu kusema "mama huyu anasema". Anayasema maneno kama yalivyotoka. Kwa hiyo Balthazar akasema kwa Kiingereza, mama yangu alikufa.

Honorine hakujizuia tena. Alisema matanga yalikuwa nyumbani kwake. Alisema watu walikesha kwa sababu walimpenda, na hita zilikuwa tatu, na kubwa kuliko zote ililetwa na ndugu mmoja kwa gari lake ili wafiwa wapate joto. Kila sentensi ilipoisha alingoja, na Balthazar akaisema. Nicole akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: hao watu, hawakuweza kumsaidia bili?

Sauti ile ikaja, chini kabisa, "Mama, anauliza, hao watu hawakuweza kukusaidia?"

"Mwambie hawakujua," akasema Honorine. "Mwambie mimi sikuwaambia. Mtu anayekuja kumlilia mama yako utamwambiaje azime moto? Mwambie naona haya. Naona haya kuwa hapa, na naona haya kwamba nilipokuwa namlilia mama, moyoni nilikuwa nawaza mita ya stima."

Hilo la mwisho alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alilisema mbele ya yule mzungu na simu, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata kwenye matanga. Balthazar alitafsiri mpaka mwisho, hakuruka neno.

Vocha alipata. Nicole aliongea na kampuni ya stima mbele yake, wakakubali kutokata, na Honorine akaelekezwa punguzo lingine ambalo lilikuwa haki yake siku zote. Balthazar akaaga kama anavyoaga kila mtu, "Asante, mama, kwaheri," simu ikakatwa. Usiku huo Yvette alilala chumba kina joto. Mama yake alilala macho wazi, akiwaza Jumapili.

Jumapili ikaja. Baada ya ibada Papa Balthazar husimama mlangoni na kumpa kila mtu mkono, hiyo ni desturi yake, hamruki hata mtoto mchanga. Alinisalimu mimi, akamsalimu Yvette. Alipomfikia Honorine akainama kufunga kamba ya kiatu, na kamba haikuwa imefunguka. Niliona kwa macho yangu, nikadhani wamekosana. Honorine alisema alijisikia kama mwizi aliyetambuliwa. Akatoka nje, akamfuata mpaka kwenye gari lake.

"Papa Balthazar, mbona hunisalimii?"

Yule baba hakuinua uso. "Mama Yvette, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Kazi yangu ina kiapo. Ninayoyasikia kule sijayasikia." Akafungua mlango wa gari, hakuingia. "Nataka kukuomba msamaha tangu siku ile, na siwezi. Nikisema samahani nitakuwa nimekiri kwamba ni wewe. Nikileta pesa, ni vilevile. Nikikushika mkono nitalia mbele ya watu. Sasa niambie wewe, nifanye nini?"

Honorine anasema alimwonea huruma kwanza, kisha aibu ikampanda upya, kwa sababu mtu mzima alikuwa anahangaika kwa ajili yake. Nyuma yao watu walikuwa wanatoka kanisani, wanawaangalia. Mimi nilikuwa mmoja wao.

"Usiseme lolote," akamwambia kwa sauti ya chini. "Lakini nipe mkono, baba. Ukininyima salamu watauliza kuna nini."