Mafuta ya Mkaratusi na Ngolo za Mama

Sikuiamini ile chupa tangu nilipoiona. Ilikuwa fupi, haina hata karatasi ya jina, na mama aliishika kwa mikono miwili. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria miaka ile, na soko la Mbinga limejaa wauza dawa za kila ugonjwa. Muuzaji wake alidai ni mafuta ya mkaratusi yaliyovuka ziwa kutoka Malawi. Mimi nimeolewa Mbamba Bay. Vinavyovuka ziwa navijua.

Nilikuwa nimepanda mlimani kumchukua. Mgongo wake ulikuwa umegoma, na tulishapatana: asipoweza kulima ngolo za maharage mwaka huo, atashuka akae kwangu. Hakutaka. Kwetu Umatengoni ngolo, yale mashimo ya kwenye mteremko, zina mgawo wake. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzipanga miraba. Mwanamke ndiye anayeinama na jembe kuzifukia. Mwanamume akionekana anafukia, kilabuni hakukaliki kwa kuchekwa.

"Nusu ya shamba tayari," mama aliniambia. "Ni haya mafuta, mwanangu. Najipaka asubuhi, mgongo unalainika."

Nilikwenda kuliona shamba. Ni kweli lilikuwa limelimwa, lakini kingo za mashimo zilikuwa nene na zimepinda. Mama ndiye aliyenifundisha ngolo. Mkono wake naujua. Niliporudi nikadondosha tone la mafuta kwenye karatasi ya daftari. Mafuta halisi ya majani hukauka yakapotea. Haya yaliacha doa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Jumapili kanisani, baba alinipita akienda kukomunika, akaacha harufu ya mkaratusi nyuma yake. Damu ilinichemka. Kumbe mzee anajipaka dawa ya mgonjwa!

Kesho yake walitoka alfajiri, nami nikawafuata ili nimuumbue. Mama alikuwa amekaa kwenye majani, kajifunika kanga, macho njiani. Baba alikuwa chini yake mteremkoni, ameinama na jembe, anafukia nyasi alizozipanga mwenyewe.

"Mgongo sasa unamuuma yeye," mama alisema bila kunitazama. "Usinipeleke ziwani. Nani atampaka?"

Nilijionea aibu. Nikamwamkia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni. "Umekutana na mtu huko njiani?"

"Hapana."

"Basi simama pale kwenye kona, utuangalizie."

Nikasimama. Jua lilipochomoza alitokea jirani yetu na ndoo ya maji kichwani. Nikakohoa kwa nguvu. Nyuma yangu nikasikia jembe likibadilisha mikono.

Jirani aliitua ndoo, akamtazama mama aliyesimama na jembe katikati ya shamba.

"Kumbe mama yako amepona?"

"Amepona," nikamjibu. "Ni yale mafuta ya mkaratusi."