Fisi Alivyomwamkia Bibi Yangu

Nilipokuwa mtoto, na hapa niombe radhi mapema, maana hii nitaisimulia vibaya. Nimeishi kwa kuchekesha watu. Najua pa kunyamaza ili ukumbi ucheke, najua pa kukohoa ili wa nyuma wasisinzie. Lakini hii kila nikiianza naanzia pabaya, napandisha sauti, namalizia nikigombana na watu waliokwisha kufa. Ukiona nimeiharibu, ujue ni hasira, si uzee. Uzee bado uko njiani na mizigo yake.

Basi, nilipokuwa mtoto tulikaa kijiji cha wakulima wa tumbaku, upande wa Kabungu, na fundi wa moto pale kijijini alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Tumbaku inakaushwa kwenye bani, kibanda kirefu cha udongo: majani yananing'inia juu, moto unapita chini. Moto ukizidi, bani linaungua. Ukipungua, majani yanaoza. Bibi alikuwa anaweka kiganja ukutani, halafu anasema, "Ongeza gogo moja," au, "Liacheni, limeshiba." Hakuwahi kukosea. Kila msimu watu walikuja kumwomba akeshe kwenye mabani yao, siku tano, siku sita mfululizo, naye alikwenda. Moshi wa kijiji kizima ulipita machoni mwake, na macho yakawa mekundu.

Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu ni mchawi. Hakuna aliyeona haja ya kulieleza hilo, lilikuwa kama kujua kwamba maji yanalowesha. Wanaume wenye macho mekundu walikuwepo tele, lakini hao walihesabiwa kuwa wamelewa tu. Nataka nilirudie, kwa sababu miaka yote hii bado linanichoma: waliomweka mle ndani ya moshi ndio hao hao walioyaogopa macho yake.

Sasa, fisi walikuwa wakipita karibu na mabani. Bibi aliwatupia kijinga cha moto na kuwagombeza kama watoto wa jirani: "Wewe, kwani kwenu hakuna watu? Toka hapa." Asubuhi alinisimulia huku tukinywa uji. Aliniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na utani wetu haukuwa na uzio. Nikaanza kumwiga. Nilikuwa na miaka kumi na niliweza kuinama kama yeye, kukohoa kama yeye, kumtishia fisi kama yeye. Mwenyewe alicheka sana. Nikaipeleka ile hadithi shuleni, na huko nako wakacheka.

Siku ya tatu kicheko kikapungua. Walishaizoea. Nikafanya kile ambacho kila mtunzi anafanya hadithi yake inapoanza kuchosha: nikaongeza. Nikamfanya fisi asimame kwa adabu, afyate mkia, aseme, "Shikamoo bibi." Na bibi anaitika, "Marahaba mjukuu wangu, hawajambo huko?"

Darasa zima lilikuwa chini. Mwalimu wa zamu alikuja na fimbo, akaisahau mkononi, akaniambia nirudie kuanzia mwanzo.

Msimu ule bani la Mzee Kashindye liliungua na tumbaku yake yote. Kashindye alikuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Bibi alikuwa amebanwa kwenye bani la mtu mwingine, kwa hiyo Kashindye alisema atachochea mwenyewe, akajaza magogo, akaenda zake kilabuni. Kila mtu alimwona kilabuni. Wengine walikuwa meza moja naye. Lakini mwenyekiti hawezi kuwa ameunguza bani lake mwenyewe, lazima ameunguziwa. Wakaitwa lambalamba, wale watu wanaozunguka vijijini na ngoma wakidai wanaweza kunusa mchawi. Vijiji vya kwetu bado vinawaita mpaka leo, na simu za kisasa mfukoni.

Tulikusanywa uwanja wa shule, asubuhi, jua limeshachangamka. Bibi alikalishwa chini peke yake katikati. Mkubwa wa lambalamba alikuwa mtu wa makamo mwenye koti refu, ameshika mkia wa nyumbu. Akauliza kama kuna ushahidi.

"Upo," alisema Kashindye. "Hata mjukuu wake anajua. Njoo hapa wewe. Waeleze ulichokuwa unawaeleza wenzako."

Nilikwenda. Nilitetemeka, hilo niandikieni kwenye upande wangu mzuri, maana huko halina jirani. Nikasema kwa sauti ndogo, "Fisi alimsalimia."

"Alimsalimiaje?" aliuliza yule wa koti.

"Alisema shikamoo."

Mtu mmoja nyuma kabisa akachekea puani.

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Kijiji kizima kimekaa kwenye nyasi, kinanitazama, na mmoja ameshacheka. Hofu iliniisha. Nikainama. Nikakohoa. Nikamleta fisi mzima, na adabu zake na mkia wake, nikamleta na bibi, "Marahaba mjukuu wangu, hawajambo huko?" Wakacheka, wote, akina mama wakapigana mabegani, yule wa koti akajifuta machozi kwa mkia wa nyumbu. Mpaka leo sijapata ukumbi kama ule.

Kashindye aliwaacha wamalize. Kisha akasema taratibu, "Basi nyie wenyewe mmesikia. Fisi anamwamkia."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Bibi akasema, "Huyo mtoto ananiigiza tu. Ni utani wetu. Mwulizeni."

Wakaniuliza. Yule wa koti aliniinamia kabisa: "Haya bwana mdogo, hayo ya shikamoo ni kweli au umetunga?"

Neno moja lilitakiwa. Nimetunga. Bibi angekwenda nyumbani kupika. Nilimtazama baba, baba alikuwa anatazama kucha zake. Nilimtazama mwalimu wa zamu, akawa na kazi ya kufunga kamba za viatu. Niliona fimbo za kusema uongo mbele ya wakubwa. Na niliona kitu kingine kidogo, cha aibu zaidi: kwamba wangejua yule fisi hakuwepo, na kile kicheko wangekichukua.

"Ni kweli," nilisema.

Walimnyoa kwa wembe mkavu. Walimchanja chale. Waliingia nyumbani wakatoka na pembe ya mbuzi waliyosema ilikuwa kwenye paa, na mimi nilikuwa nimeiona ikining'inia ndani ya lile koti. Wakampa mpaka jua kuzama awe ameondoka. Alipita mbele yangu, kichwa kimechanika hapa na pale, akasema, "Mume wangu, kitenge changu kiko kwenye kamba, nikimbilie." Nikakimbia nikamletea. Akakifunga kichwani, akaenda Sibwesa kwa binti yake, shangazi yangu Kalunde.

Msimu uliofuata mabani ya kijiji kile yaliharibika moja baada ya lingine. Hakukuwa na kiganja cha kuweka ukutani. Waliomba tu lambalamba warudi.

Juzi nilialikwa kwenye ukumbi mmoja pale Mpanda mjini, kuzungumza na vijana wanaotaka kuandika. Kijana mmoja mwenye adabu akasimama: "Mzee wetu, changamoto za utotoni zimekujengaje?" Nikatoa jibu la kuchekesha, wakapiga makofi, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Zimenijengaje. Changamoto zenyewe zilikuwa za mwanamke mwingine, zikapita juu ya kichwa chake bila maji, halafu mimi ndiye niliyejengeka. Mtu akikwambia mateso yanakomaza, muulize ya nani. Bibi yangu alikuwa ameshakomaa. Alikuwa fundi.

Na kuhusu kuandika ninajua jambo moja tu, kijana, nikulipe hilo nililokuficha pale ukumbini. Katika hadithi yangu ya kwanza kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa ile shikamoo, na shikamoo ndiyo pekee waliyoiamini. Kwa hiyo nikifika mahali patamu, mahali ambapo mkono unakimbia wenyewe, nasimama nijiulize ni nani amekaa chini katikati ya uwanja. Mara nyingi nasimama. Si kila mara.

Baba alinikataza kwenda Sibwesa. Nilikwenda kwa kutoroka, nikiwa kidato cha pili, juu ya lori la mahindi, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba bibi msamaha. Nilikuwa nayo yote, na mahali pa kupiga magoti nilishapachagua. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Miaka mitano bila moshi, basi, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa.

"Shikamoo bibi."

Akaitika huku akipukuchua. "Marahaba. Kalunde, njoo uone, fisi amefika."

Nilikosa pa kuficha uso. Akasogeza gunia nikae. "Haya mume wangu, kijiji kizima kimeona, mwenye mali sijaona. Nifanyie na mimi."

Nikasema siwezi. Akasema nisimletee mapozi ya mjini. Basi nikasimama, nikainama, nikafanya. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Halafu akanirekebisha: "Hapo kwenye kukohoa unaharakisha. Mtu mzima hakohoi mbio." Tukakirudia kile kikohozi jioni nzima, mpaka kikakaa sawa.

Hatukuonana tena. Alifariki kabla sijamaliza shule.

Asubuhi iliyofuata jioni ile nilikuwa nimeshashuka Kabungu, nacheka peke yangu barabarani, nakohoa polepole kama mtu mzima, ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda kuomba msamaha.