Nilivyolitoa Upepo Lori la Harusi

Nawasimulia ninyi kwa sababu hamkuwapo. Waliokuwapo walicheka mpaka nikaomba uhamisho, nikanyimwa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba haki ilikuwa yangu kabisa, nikaichezea mwenyewe mpaka ikaisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi binti wa Lushoto ndiyo kwanza nimepangiwa kufundisha chuo cha ualimu Kasulu, nikapanga kijumba cha tofali za kuchoma chenye uwanja, na mwenye nyumba akaniambia kwa mdomo wake, "Uwanja huu wote ni wako, mwalimu." Kumbe jirani yangu Baba Yeremia, mfanyabiashara wa maharage, alikuwa na lori na hana pa kuliweka, kwa hiyo kila akirudi kutoka Manyovu analiingiza kwangu na kulisogeza mpaka linakaribia kugusa mlango wa jiko. Nikitaka kutoka na ndoo napita ubavuubavu kama kaa (na sikuwa mwembamba, msinicheke), nguo nilizoanika zinanuka dizeli, na asubuhi akiliwasha, moshi wote unaingia kwenye uji.

Nilimwambia. Ila nilimwambia kikwetu, kwa kuzunguka, sauti ya chini: "Baba Yeremia, samahani, siku hizi jikoni kwangu hata kupika imekuwa shida." Akanitazama kwa huruma. Jioni mkewe akaniletea mkungu wa ndizi na mkaa. Nikala. Sasa mtu unalalamikaje na ndizi bado ziko mdomoni? Badala yake nikanuna, nikaacha kuwasalimia, nikawa napita pua juu kama mkaguzi wa shule, nikingoja waelewe wenyewe.

Jumamosi moja asubuhi na mapema narudi na maji, ndoo ikagonga bampa, maji yote yakanimwagikia kuanzia kifuani. Basi. Nikaingia ndani, nikatoka na msumari, nikasema nitafungua kifuniko cha valvu, nilitoe upepo kidogo tu gurudumu la mbele, ashike adabu. Jamani, lile gurudumu lilikuwa na upepo wa mwaka mzima! Likapiga ssss mtaa mzima, nami ili majirani wasisikie nikaanza kukohoa, nakohoa nabonyeza, nabonyeza nakohoa, mpaka lori likainama upande mmoja kama mzee anayetafuta kiatu uvunguni. Nikaingia ndani kuvaa gauni langu zuri na kunywa chai kwa raha zangu.

Chai haijaisha, nasikia watu uwanjani. Kufungua mlango: kwaya nzima na sare zao za bluu, akina mama na vitenge vipya, na katikati yao Anastazia, binti wa Baba Yeremia, amevaa shela. Anakwenda kuolewa Murungu, kule Kibondo, na lile lori ndilo gari la harusi! (Ningejuaje, na salamu nilizikata mwenyewe?) Mchungaji wa kule alikuwa na safari mchana, wakichelewa ndoa ingengoja mpaka arudi, na hakuna aliyejua atarudi lini.

"Mwakeye, mwalimu," Mama Yeremia akanisalimia kwa Kiha, "tulikuwa tunakuja kukuita. Niliona una huzuni siku hizi, nikasema nisikusumbue mpaka siku yenyewe. Nafasi yako iko mbele, karibu na bibi harusi."

Sijajibu, Baba Yeremia akaliona gurudumu. Akachuchumaa, akainuka. "Hii ni kazi ya mtu. Kifuniko cha valvu kimefunguliwa. Mwalimu, wewe unalala hapa, hukusikia kitu?"

"Nilisikia mtu anakohoa," nikasema. (Ulimi huu!)

"Anakohoa? Misago!"

Misago alikuwa mpakiaji wa magunia, ana kikohozi kinachojulikana mtaa mzima, na juzi tu alikuwa amegombana na Baba Yeremia kwa kuachwa safari ya Manyovu. Vijana wa kwaya wakamfuata, wakamleta wamemkamata shingoni, bado kajifunga blanketi.

"Sema, Misago!"

"Niseme nini? Mimi nilikuwa nimelala..." Kikohozi kikamkata.

"Mnasikia?" mmoja akapiga kelele, na mwingine alikuwa ameshaokota fimbo.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Fimbo ikainuliwa. "NI MIMI NILIYETOA UPEPO!"

Fimbo ikashuka. Hata Misago aliacha kukohoa.

"Wewe, mwalimu? Kwa nini?"

"Lori linaniziba mlango!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Nilisema kupika imekuwa shida!"

Baba Yeremia akashika kichwa. "Mimi nilijua huna chakula!"

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi harusi, alicheka mpaka shela ikateleza, kisha kwaya yote ikamfuata, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Misago hakucheka. Alikwenda akachukua pampu ya mkono, akanikabidhi. "Jaza."

Nikajaza, gauni langu zuri limelowa jasho, na kwaya, Mungu awasamehe, wakanianzishia wimbo ili nisipunguze mwendo. Mikono ilipogoma, wakanipokea. Murungu tulimkuta mchungaji ameshavua joho, mguu mmoja garini, akalivaa tena, ndoa ikafungwa. Na kwenye karamu mshereheshaji akanisimamisha mbele ya wakwe wote: "Huyu ndiye mwalimu aliyetupunguzia upepo."

Misago nilimwomba radhi hadharani. Akasema, "Nimekusamehe, ila siku nyingine ukohoe kwa jina lako."

Baba Yeremia alivunja kipande cha ua wake, lori likahamia kwake tuliporudi tu, kazi ya saa moja. Angeifanya tangu siku ya kwanza kama ningefungua mdomo sawasawa. Sasa mtu akiegesha kitu mlangoni kwangu, hata baiskeli, namfuata, namsalimia, namwambia, "Hapa hapana." Adabu za kuzunguka nimewaachia wenye nguvu za kupiga pampu.