Damu ya Wajomba

Wewe, ukienda kuoa kule Muthara, unadhani hawatakuchunguza? Mashangazi wa msichana watajua kama kwenu kuna kifafa au wazimu, hadi kwa babu wa babu yako. Hospitali yetu ya wilaya haijui chochote, na haioni haya.

Juzi pale kwa dirisha la kadi, mama mmoja aliinama akaegemeza viwiko.

"Kijana wangu anatahiriwa Disemba," akamwambia karani. "Ndugu zangu wawili walipotahiriwa damu ilikataa kusimama, wakafia hapa hapa. Nataka huyu apimwe kwanza."

Karani hakuinua macho. "Faili za hao ndugu ziko wapi?"

"Si mlibaki nazo ninyi?"

"Za zamani tulichoma, mama. Hakuna space." Akalamba kidole, akafunua gazeti. "Mlete akianza kutokwa na damu."

"Hata wale waliletwa wakianza."

"Next," akasema karani.

Degree yangu ya biology haijanipa kazi, lakini ilinifundisha hili: mama hubeba ugonjwa huo wa damu isiyoganda bila kuugua, akampa mtoto wa kiume. Kipimo kipo Nairobi, na rekodi za ukoo mmoja tu zingemwonya daktari. Eti hakuna pa kuziweka. Lakini mwaka wa kura majina ya wafu wetu hupatikana yote, na wanapiga kura vizuri sana.

Bwana Daktari wa Wilaya, mtafute huyo mama. Mpime kijana wake kabla ya kisu, kisha ufungue faili ya ukoo wao na usiichome.