Mhojiwa Namba Kumi na Moja

Wako watu wanaozaliwa na kidole cha sita. Sihaba wa Mirongo alizaliwa na maswali. Anauza chakula nje ya geti la chuo kimoja hapa Mwanza, ugali, makande na sato wa kuchemsha, na mwanachuo akikaa kwenye benchi lake hapati kijiko kabla hajaulizwa anasoma nini. "Sosholojia? Inahusu nini hiyo?" Mtu anajieleza, chakula kinapoa. "Sasa hao watu mnaowachunguza, wenyewe wanajua kwamba wanachunguzwa?" Watoto wa watu wanajikuna vichwa. Mmoja wa falsafa aliwahi kumwambia kwamba pengine hata benchi alilokalia halipo. Sihaba akamwambia basi asimame, ale wima, tuone kama na njaa nayo haipo.

Mwenyewe ameishia darasa la saba, wala hafichi. "Mimi kichwa changu kizito, sikuchaguliwa," husema huku anachota mchuzi. Mwaka ule majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa shuleni, yeye alikuwa kitandani, malaria imemkaba, akaenda mama yake kumwangalizia. Bi Shamsa, fundi cherehani, mjane wa miezi michache. Akarudi, akavua kanga ya kichwani, akasema jina halipo. Yakaishia hapo. Sihaba akapona, akaanza kumshonea mama vifungo, na baadaye akaingia kwenye mapishi.

Miaka miwili iliyopita alikuja Teodora, msichana wa shahada ya uzamili, mlaji mkubwa wa makande. Alikuwa anawatafuta akina mama wa mjini wenye umri wao, awahoji kuhusu elimu ya mabinti zao. Sihaba akampeleka mwenyewe nyumbani, kwa Bi Shamsa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Teodora akaeleza kwamba jina la bibi halitaandikwa popote, atakuwa namba tu. Bi Shamsa akamgeukia bintiye. "Sihaba, hebu kaninunulie uzi mweusi." Uzi mweusi! Droo ya cherehani ilikuwa imejaa uzi mweusi. Sihaba akaenda, maana mama ni mama, lakini alirudi mbio. Akakuta kinasa sauti kimeshazimwa, Teodora anajifuta macho, na mama anaulizia chai.

"Mmeongea nini?" aliuliza jioni ile, na kesho yake, na mwezi uliofuata.

"Mambo ya chuo," alijibiwa.

Kwa mtu kama Sihaba, hilo lilikuwa sawa na kumtia upupu mgongoni. Na kabla jibu halijapatikana Bi Shamsa akaugua, akafariki wiki moja kabla ya Ramadhani.

Msiba ukaisha, upupu ukabaki. Mama alikuwa na neno juu yake, akampa mgeni, akamnyima mwanawe. Sihaba alijiambia kwamba asipolijua neno hilo atazeeka vibaya. Akampigia Teodora, ambaye sasa anafanya kazi Bukoba.

"Nisamehe, dada. Nilimwahidi bibi. Kazi yenyewe imo maktaba ya chuo, yeyote anaweza kuisoma, ila mimi siwezi kukuambia yeye ni yupi humo ndani."

"Ahadi ni ahadi, mdogo wangu," Sihaba akasema. Akakata simu, akamfuata Yeremia.

Yeremia ni mtunza maktaba, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, mteja wa sato kila Jumanne. Jumamosi asubuhi alimwandikisha Sihaba kwenye daftari la wageni, akamwekea mezani tasnifu yenye jalada la buluu. Sihaba akaifungua. Kiingereza kitupu! Akina mama wa Mirongo, wasiojua hata kuomba maji kwa lugha hiyo, wote wanaongea Kiingereza kama mawaziri.

"Kaka Yeremia, nisomee kwa Kiswahili."

"Yote? Kurasa mia moja na thelathini?"

"Nisomee akina mama tu. Wasomi waruke."

Yeremia akacheka, akavaa miwani. Namba moja akapita, namba mbili akapita. Sihaba alikuwa anawachuja kama anayechambua mchele. "Siye, huyo ana mabinti watatu. Siye, huyo anajisifu mno, mama hakuwa hivyo." Wakafika namba kumi na moja: mjane, fundi cherehani. Yeremia akasoma kimya kimya, kisha akavua miwani.

"Dada Sihaba, hawa wamefichwa majina kwa sababu. Kuna maadili ya utafiti."

"Kaka, huyo namba kumi na moja amenizaa mimi. Soma."

Akasoma, akitafsiri polepole.

"Siku ile nilikwenda shuleni mwenyewe, mtoto alikuwa na malaria. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Nililisoma mara mbili. Amechaguliwa shule ya bweni, ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Nilikuwa nimezika mume wangu, na kaka wa mtoto ameshakwenda Tabora. Nikafikiri, na huyu naye akipanda kivuko, nitabaki na cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza maswali mpaka nasahau kulia. Nikarudi, nikamwambia jina halipo. Nikasema nitamwambia mwakani. Mwakani ikafika, nikasema tena mwakani."

"La tatu?" Sihaba akauliza. "Rudia hapo."

"La tatu kutoka juu."

Weee! Miaka ishirini na tano amejiita mzito mbele za watu. Miaka nenda rudi amewapakulia wanachuo ugali akiamini wamejaliwa kitu ambacho yeye Mungu alimnyima. Hasira zikampanda mpaka masikio yakapata moto. Alimchukia mama yake, ndiyo, palepale kwenye kiti, kwa moyo wote, kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha akamwona mama anavyorudi kutoka shuleni na lile jina kifuani, anavua kanga, hamwangalii mtoto usoni. Huruma ikamwingia na hasira haijatoka, na viwili hivyo vikikaa pamoja vinauma kuliko kimoja kimoja.

"Na hapa chini Teodora ameandika nini?"

"Anachambua. Anasema kauli hii inaonyesha jinsi kazi za nyumbani zinavyowanyima mabinti elimu."

"Kazi zipi? Amekosea. Mama alikuwa mpweke. Hamna sura ya upweke humo?"

Yeremia akapekua orodha ya yaliyomo mwanzo mpaka mwisho. Haikuwemo.

"Haya, geuza ukurasa. Alimuuliza nini kingine?"

Lilibaki swali moja tu la mtafiti: je, binti mwenyewe anajua? Yeremia akakohoa, akasoma jibu.

"Hajui. Mdomo wangu umeshindwa. Ndiyo maana nimekubali kuongea na wewe. Si umesema mnaandika, halafu mnaweka mahali watu wanasoma? Basi andika vizuri, usiruke kitu. Yule namjua mimi. Ataulizauliza mpaka afike."

Sihaba akaweka kiganja juu ya ukurasa, akalia kwa sauti humohumo maktaba. Wanachuo waliinua vichwa, lakini hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Nimefika, mama," akasema. "Lakini umenikosea sana."