Ngozi ya Tumbo na Maneno ya Mtani

Nilipopungua, wateja wangu wa Mwembesongo walianza kula kwa wasiwasi. Miaka yote niliyouza wali na maharage pale, mwili wangu ndio ulikuwa tangazo la biashara. Mama lishe mnene hawezi kuwa na chakula kibaya, ndivyo watu wanavyoamini. Kisha daktari akaniambia sukari imepanda na magoti yangu hayatanifikisha mbali. Nikaacha soda, nikajipunguzia wali ninaoupika mwenyewe, nikawa natembea kila alfajiri hadi barabara inapoanza kupanda mlima, na kurudi. Ilichukua karibu miaka miwili. Hakuna aliyeniuliza nimefanyaje. Waliniuliza naumwa nini. Mteja mmoja wa siku nyingi aliisogeza sahani kando, akaomba chai tu. Nikasikia kwa watu kwamba nimekanyaga waya, yaani nina virusi.

Nami nikawashuku wote. Aliyebakiza chakula nilimhesabu kuwa ananisema. Aliyemaliza sahani na kuniombea afya, huyo ndiye nilimwogopa zaidi.

Wasichokiona kilikuwa chini ya dera. Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki. Ilining'inia kutoka kitovuni hadi mapajani kama gunia lililomwagwa unga. Kwenye joto la jiko jasho lilikaa chini ya ule mkunjo, nikapata fangasi, kisha vidonda, kisha harufu. Mama lishe akinuka amefunga biashara. Kila asubuhi niliinyanyua ile ngozi kwa mikono miwili, nikaikausha, nikapaka dawa, nikaifunga kwa kipande cha kanga, ndipo nikawasha moto.

Daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa alinitazama akasema inaweza kukatwa. Lakini kwanza uzito utulie miezi sita, sukari ishuke, damu ipimwe, na fedha nitafute mwenyewe, kwa sababu bima wanauita urembo. Nilitoka nikinung'unika. Wazazi wetu walikufa nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule nikalea wadogo zangu wawili, na katika ofisi zote nilizozunguka nao, aliyeniambia "njoo siku nyingine" alikuwa anataka kitu. Niliiona ile miezi sita kuwa mlango wa kuombwa kitu kidogo.

Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, naye alikuja na mashaka yake. Aliniletea gunia la mchele, akaketi, akanitazama.

"Dada, ni nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Anayetaka tumbo bapa. Mtu hajikatishi bure."

Huyu nilimwogesha na kumfunga vifungo vya shati la shule. Nilifungua kanga ubavuni nikamwonyesha kidonda. Aligeukia ukutani.

"Funika, dada. Nitachanga."

Basi nilikuwa na ahadi yake, na nilikuwa na akiba yangu ya kikoba, ambacho kingevunjwa mwezi ule kila mwanachama achukue chake. Ndipo akatokea yule mwanamke. Alikuwa mteja wa mchana, nadhifu, mwenye simu mbili, na alimaliza sahani kila siku. Siku moja alibaki wenzake walipoondoka, akasema kwa upole kwamba ameniona ninavyojishika tumbo ninapoinama. Alimjua daktari anayetoka Dar kila Jumamosi, anafanyia watu kwenye nyumba moja hapa hapa mjini, kwa nusu ya bei ya hospitali. Hakuna kusubiri. Asubuhi unakatwa, jioni uko kwako.

Nilimshuku, bila shaka. Nilidai picha ya daktari, akanionyesha kabla sijamaliza kusema. Nilidai kuongea na mtu aliyekwisha kufanyiwa, akapiga simu pale pale, sauti ya mwanamke ikanihakikishia kwamba sasa anavaa sketi za kubana. Niliuliza risiti, akasema ipo. Daktari wa hospitali alikuwa akijibu maswali yangu polepole, na mengine alisema hajui mpaka apime. Huyu hakukwama hata moja. Nikaona hivyo ndivyo ukweli unavyofanana.

Sasa niseme juu ya mtani wangu. Ukoo wetu, yaani ukoo wa mama, na ukoo wake ni watani tangu huko milimani. Yeye ni mama mtu mzima wa Kinole, analeta mjini ndizi, mafenesi na mdalasini, na mzigo wake anaushushia kando ya jiko langu. Siku tuliyomzika mama ni yeye aliyeingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, tukacheka huku machozi yanatutoka. Kwa umri wake ningempa shikamoo, lakini haitaki. "Shikamoo zako wapelekee waliolala Kinole," husema, "mimi nipe chai." Akisema hivyo mtu mwingine, hatutasalimiana tena. Yeye ni haki yake.

Nilipopungua, wengine walinong'ona. Yeye alitangaza. Alisimama katikati ya wateja wangu akasema, "Mnakula kwa msukule, ninyi! Mwenye jiko tumemzika zamani. Huyu tulimfufua atusaidie kuosha vyombo." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa, na siku hiyo chakula kilikwisha mapema.

Siku yule mwanamke nadhifu aliponitajia mtaa wa nyumba ile, mtani alikuwa amekaa juu ya kapu lake anamenya ndizi. Mwanamke alipoondoka, mtani akapaza sauti watu wote wasikie.

"Nyumba hiyo naijua! Nimepeleka mapapai pale. Daktari wake ni fundi wa kucha. Kitanda chenyewe ni kochi la saluni. Utalala hapo akupake rangi, akukate tumbo, akusuke na nywele, vyote kwa bei moja!"

"Wewe mzee, hata papai huna, una mafenesi," nikamrudishia.

"Yaliisha! Waliyala wagonjwa wakafa!"

Jiko zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Mtani ambaye wiki iliyopita aliniita msukule, leo kunipa fundi wa kucha kuwa daktari ni jambo la kawaida. Kesho yake nikaenda kuvunja kikoba, na jioni nikampa yule mwanamke nusu ya malipo. Risiti aliyonipa ilikuwa na muhuri. Niliutazama muhuri mara tatu, nikaona nimekuwa mwangalifu.

Jumamosi nilikwenda asubuhi bila kula, kama nilivyoambiwa. Mdogo wangu alibaki nje ya geti, maana walisema ndugu hawaingii. Nilivuliwa, nikavalishwa shuka. Mimi nikiingia mahali, kwanza naangalia wanavyoosha vyombo. Hiyo ni kazi yangu. Nikamwomba msichana aliyenipokea anionyeshe wanapochemshia visu.

"Vinakuja na dokta, mama."

"Vinakuja kwenye nini?"

"Kwenye begi."

Nikauliza nani atanipima sukari. Akaniuliza sukari ya nini. Kule hospitali, kabla hawajaniuliza jina, walinichoma kidole. Nikasukuma mlango wa pili bila kuruhusiwa. Kulikuwa na ndoo, kulikuwa na taa ya kusimama, na katikati ya chumba kulikuwa na kochi jeusi la saluni, lile la kulaza kichwa nyuma. Kwenye dirisha zimepangwa chupa za rangi ya kucha.

Sikupiga kelele. Nilirudi nikavaa dera langu juu ya shuka lao, nikatoka nalo mpaka getini. Mdogo wangu aliponiona alidhani nimekwisha kufanyiwa, akanyoosha mikono kunidaka.

"Usinishike," nikamwambia, "sijakatwa. Twende kwa mwenyekiti wa mtaa."

Mwenyekiti alikuja, daktari hakuja, na yule mwanamke akazima simu zote mbili. Sehemu ya fedha tuliipata baada ya siku kadhaa za mdogo wangu kukaa pale getini. Nyingine ilipotea. Sikuomboleza sana. Nilijua ningeweza kupotea mimi.

Kilichoniuma ni mtani. Jumatatu alipotua kapu lake nilimfuata kabla hajakaa.

"Ulijua."

"Nilikwambia."

"Ulinitania!"

"Sasa ulitaka nilie?" Alikuwa anafungua kamba ya kapu, hanitazami. "Ningekuita pembeni, uso mkavu, nikakwambia, mwenzangu usiende pale. Ungesema nini? Ungesema mzee huyu ana wivu, hataki nipone. Nakujua. Unamshuku hata anayekusalimia."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka yule mteja aliyeniombea afya. Ni kweli ningesema hivyo hivyo, na ningekwenda haraka zaidi.

Nilirudi kwa daktari wa polepole. Miezi iliyobaki niliisubiri bila kuongeza kilo, nikipika. Mdogo wangu alitimiza ahadi, na mdogo wetu wa mwisho, aliyeanza kufundisha mwaka ule, akatoa mshahara wake wa kwanza wote. Nilitaka kuukataa. Akasema, "Dada, acha na sisi tukulee kidogo." Fedha zilifika zilipotakiwa, zikalipwa dirishani, si mkononi kwa mtu. Hata hivyo siku ya upasuaji, nikiwa juu ya kitanda cha magurudumu, nilimshika daktari mkono wa koti nikamuuliza visu vimechemshwa wapi. Hakuchukia. Alimwambia muuguzi anieleze, na muuguzi akanieleza mpaka usingizi wao ukanichukua katikati ya sentensi.

Nilirudi nyumbani nimepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mipira miwili ilitoka ubavuni ikitoa maji mekundu kwenye vichupa, na bandeji ilinizunguka kiunoni. Nilikatazwa moto, ndoo na kucheka. Siku walipoondoa mipira, muuguzi alisema mshono unaenda vizuri. Lakini muuguzi hulipwa kusema hivyo. Kioo changu ni kidogo, na chini ya kitovu kipya alichonitengenezea daktari sikuweza kupaona bila kuinama, na kuinama sikuruhusiwa. Nilikaa siku kadhaa nikinusa hewa ya chumba changu, nikitafuta ile harufu ya zamani.

Mtani alikuja kunijulia hali. Aliingia, akafunga mlango, akaniambia nifungue nguo. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akauangalia ule mshono kuanzia nyonga hii hadi ile, kwa utaratibu, kama anavyokagua mkungu unaoanza kuoza.

Hakusema kitu.

Tangu nimjue sijawahi kumwona amenyamaza kwa muda huo, hata kaburini kwa mama. Nilijua kwamba ukoo wake ndio huosha maiti wa ukoo wetu, na sasa alikuwa amelowesha kitambaa maji ya vuguvugu na ananifuta ubavuni, mahali ambapo mkono wangu haukufika.

"Mtani," nikasema, "mbona hunitukani? Kidonda kimeoza?"

Aliendelea kufuta.

"Nambie. Nakufa?"

Aliinua macho. "Unyamaze. Ninatafuta la kusema." Akautazama mshono mara moja tena. "Huyu daktari kakuwekea kitovu kizuri kuliko alichokupa mama yako. Yule marehemu alikufunga kama mfuko wa karanga."

Nilianza kucheka, nikakumbuka nimekatazwa, nikajishika tumbo kwa mikono miwili.